Mteja Aliyenunua Vitanda Vyote

Ofisi ya Takwimu, Makao Makuu
2 Machi

Kwa Mkuu wa Tawi,

Yahusu: Kukusanya taarifa zote za biashara katika mfumo mmoja

Tafadhali rejea mada iliyotajwa hapo juu.

Nina heshima kubwa ya kujitambulisha kwako kuwa ndimi Mchambuzi mpya wa Takwimu wa kampuni yetu ya samani, niliyeajiriwa kwa kipindi cha majaribio kitakachokoma mwishoni mwa Aprili. Katika kuzunguka idara za hapa Makao Makuu nimegundua, kwa mshangao usio na kifani, kwamba kila idara ina programu yake ya kompyuta, na kwamba programu hizo hazijawahi hata kusalimiana. Mauzo wanatumia programu iliyonunuliwa na meneja aliyekwisha kustaafu. Ghala wanatumia nyingine, inayoandika tarehe kinyumenyume. Ya Uhasibu inafunguliwa na mhasibu peke yake, ambaye hufunika kibodi kwa mkono anapoandika neno la siri, hata chumba kikiwa kitupu. Nilipouliza mfumo wa Usafirishaji uko wapi, nilioneshwa simu ya dereva.

Kompyuta ya tawi lako, kwa upande wake, haijulikani hapa. Nimeelezwa tu kwamba ipo.

Hali hiyo, kwa mtazamo wa kitaalamu, haivumiliki. Taarifa zikikaa mahali pamoja, Mauzo watajua kilichomo ghalani kabla ya kuahidi, Ghala watajua kilichouzwa kabla ya kupakia, na uongozi utajua ukweli kabla ya kuamua. Kwa hiyo naomba uniletee nakala ya taarifa zote za tawi kwa mkono wa dereva wa lori la wiki, kwa kuwa mtandao wa tawi na wetu haujaunganishwa.

Natanguliza shukrani zangu za dhati.

Wako katika ujenzi wa kampuni,
Mchambuzi wa Takwimu

Tanbihi: Shangazi, shikamoo. Nimekupigia simu tangu juzi lakini kila mara inatumika. Hapa kazini hakuna anayejua kwamba mkuu wa tawi ndiye shangazi yangu aliyenisomesha. Nataka wanipime kwa kazi yangu, si kwa ukoo wangu. Tafadhali nijibu kirasmi.

*

Tawini
6 Machi

Kwa Mchambuzi wa Takwimu,

Barua yako imefika na imeeleweka. Urasmi wenyewe ndio huo, nimeumaliza.

Marahaba mwanangu. Hivi wewe, niliyekubeba mgongoni ukinitafuna kilemba, leo unaniandikia “nina heshima kubwa ya kujitambulisha kwako”? Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti, karani wangu akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Sikumwambia wewe ni nani kwangu. Nilimwambia ni mtu wa Makao Makuu, akasema ndiyo maana.

Kuhusu kompyuta yetu, ni kweli ipo. Iko mezani kwa karani, imefunikwa kitambaa ili isiingie vumbi la mbao, na inafanya kazi vizuri ukiwa na subira nayo. Kila oda tunaiandika humo, tunaichapa, karatasi inapanda lori, ikifika huko watu wa Mauzo wanaiandika upya kwenye programu yao. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo tunavyokwenda.

Simu yangu usijisumbue nayo. Inalia kutwa nzima. Huyu kabati lake mlango unagoma, yule anataka kitanda kabla ya harusi, mwingine hana tatizo lolote, anataka tu kuniambia meza imependeza. Mteja wangu hapigiwi simu na mtu asiyemjua. Mwaka juzi watu wa huko walimpigia mjane mmoja kumpongeza kwa godoro la watu wawili. Nilichukua wiki nzima kumtuliza. Tangu siku hiyo nimeweka utaratibu wangu.

Hizo taarifa unazozitaka nitazifikiria. Sijakataa. Ila mimi nina mashaka na mtu anayetaka kujua kila kitu kwa wakati mmoja.

Unakula vizuri? Viatu vya ofisini vimekukaa?

Shangazi yako,
ambaye pia ni Mkuu wa Tawi

Tanbihi: Dereva anayekuletea barua hii tunamwita Breki, kwa sababu ulimi wake hauna. Usimwambie chochote.

*

Ofisi ya Mkurugenzi
9 Machi

SIRI

Kwa Mchambuzi wa Takwimu,

Nimesoma andiko lako la mradi, ambalo ni refu. Nakubaliana nalo.

Kwa taarifa yako, kampuni haiwezi kuendelea kubeba tawi ambalo, kwa mujibu wa ripoti za Mauzo, linauza stuli tu. Stuli, na mara mojamoja kiti cha kubembea. Nakusudia kulifunga. Hata hivyo sipendi kuamua kwa kukisia, hivyo nasubiri ripoti itakayotoka kwenye mfumo wako. Ikithibitisha ninachokiona, tawi litafungwa mwisho wa Aprili.

Ajira yako ya kudumu itategemea ripoti hiyo hiyo: iwe sahihi, na itoke kwa wakati.

Jambo hili lisimfikie mtu yeyote wa tawini, hasa mkuu wake, ambaye nimeambiwa ana maneno.

Mkurugenzi

*

Ofisi ya Takwimu
13 Machi

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo nimeamua kuacha urasmi, kama ulivyoagiza, ingawa mkono wangu umekwisha kuuzoea na unaelekea huko wenyewe.

Viatu vinanibana. Chakula nakula.

Shangazi, naomba kwa unyenyekevu uniletee zile taarifa mapema iwezekanavyo. Siwezi kueleza sababu zote za haraka yangu, ila niruhusu nikupe mfano wa jambo nililolishuhudia kwa macho yangu. Jumatatu kabati moja, tena la mwisho la aina yake, liliuzwa kwa watu watatu tofauti. Mauzo waliliona kwenye skrini yao kwa sababu Ghala walikuwa hawajawaambia kwamba limetoka. Ghala hawakusema kwa sababu walidhani Usafirishaji watasema. Usafirishaji, yaani Breki, alikuwa njiani nalo. Wanunuzi wote watatu wakakutana kaunta siku moja, kila mmoja na risiti yake, na kila mmoja akiwa amekuja na watu wa kumsaidia kubeba. Mimi nilijificha nyuma ya meza ya maonesho.

Sasa fikiria, Shangazi, kama hayo yanatokea kwa kabati ambalo lipo ndani ya jengo moja, ni mambo gani yanayopotea kati ya huku na tawini kwako? Mtu anaweza kufanya kazi kwa jasho lake, na huku ikaonekana hafanyi. Nasema kwa ujumla tu. Simlengi mtu.

Hivi, tawini mnauza nini hasa? Naomba uniambie mnauza zaidi ya stuli.

Naomba pia usiniulize kwa nini nimeuliza.

Mwanao,
Mchambuzi

*

Tawini
20 Machi

Mwanangu,

Stuli! Mkurugenzi kila akija huku anaziangalia hizo hizo. Anaingia, anaketi juu ya mojawapo, anainuka, anasema “hm”, anarudi kwenye gari. Hajawahi kufika chumba cha nyuma. Stuli ziko mlangoni kwa sababu ni nyepesi, tunazitoa nje asubuhi na kuzirudisha jioni.

Nakuletea ulichoomba. Breki ana flashi, imefungwa kwenye leso yangu ya kijani. Leso irudi.

Karani amehakikisha kila kitu kimejazwa. Majina yamo, bidhaa zimo, na namba za simu zimo kwa kila mteja bila kuruka hata mmoja. Programu ya Mauzo haipendi nafasi tupu. Usipoandika namba inagoma, haiendi mbele wala nyuma. Sisi hatujawahi kuiachia nafasi tupu.

Halafu nikuambie neno moja, nawe ulishike. Mimi sikukusomesha ili uje kunipendelea. Ukiona kitu kwenye hiyo kompyuta yako, kiandike kama kilivyo. Kama kinapendeza, sawa. Kama hakipendezi, kiandike hivyo hivyo, uweke sahihi yako chini na ulale usingizi. Umenielewa? Usinijibu kwa kirefu.

Nunua viatu vingine.

Shangazi yako

*

Ofisi ya Takwimu
3 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na vigelegele!

Mfumo umekamilika. Tangu jana jioni Mauzo, Ghala, Uhasibu, Usafirishaji na Tawi wote wanasoma mahali pamoja. Mhasibu alilazimika kunipa neno lake la siri, na nilipoliona nilielewa kwa nini alikuwa analificha: ni jina lake. Breki amepewa simu mpya inayomwambia aende wapi na abebe nini. Mkurugenzi alipita, akatazama skrini kwa muda mrefu, akasema “hm”. Nimeambiwa hiyo ni sifa.

Ugumu mkubwa ulikuwa wateja wanaojirudia. Mtu mmoja alikuwa ameandikwa “Mama Mapacha” kwa Mauzo, “Nyumba yenye geti la bluu” kwa Breki, na kwa jina lake kamili kwa mhasibu. Hivyo nikabuni kanuni ninayojivunia: majina hubadilika, lakini namba ya simu haidanganyi. Wote wenye namba moja ni mtu mmoja. Wapewe jina moja na anwani moja. Na kwa kuwa anwani nyingi zilikuwa za kubahatisha, niliongeza kwa hiari yangu mwenyewe, bila kuagizwa na mtu, orodha ya watumishi ya ofisi ya Utumishi, ambayo anwani zake zimehakikiwa na mhuri. Penye anwani ya mhuri, mfumo unaichukua hiyo na kuziacha nyingine zote. Kompyuta iliyamaliza hayo yote wakati mimi nikinywa chai.

Kuna jambo moja linalonikosesha raha. Wateja wa tawi lako, baada ya kuunganishwa, wamepungua mno. Nadhani walikuwa wakijirudia sana. Sijaingia kwa undani kwa sababu ripoti inatakiwa kesho kutwa na majedwali bado hayajapakwa rangi. Nimekumbuka uliyoniambia, nami nitaandika ninachokiona. Lakini Shangazi, mkono wangu unakuwa mzito.

Malori yanaondoka alfajiri, kwa mara ya kwanza chini ya mfumo mpya. Oda zote za upande wenu zilizokuwa zikisubiri tangu mwezi uliopita zitafika kwa mpigo mmoja. Jiandae kufurahi.

Mwanao mwenye fahari na hofu kwa pamoja,
Mchambuzi

*

Nyumbani kwangu, si ofisini
5 Aprili

Wewe mtoto!

Naandika nimeketi juu ya kitanda. Kitanda kiko juu ya kitanda. Chini yake kipo kingine, na huko chini kabisa, kama sijakosea, ndipo lilipo kochi langu.

Jana nilikuwa nachambua mchele, nikasikia honi. Natoka, namkuta Breki na wapakuzi wake wanashusha. Namuuliza, “Breki, unashusha nini hapa?” Ananijibu, “Mzigo wako, mama.” Nikamwambia sijaagiza hata kijiti. Akanionesha simu yake mpya, kifua kimemtoka kama aliyepandishwa cheo. “Mfumo unasema ni wako. Jina lako, namba yako, nyumba yako. Zamani ningebishana nawe, mama, lakini siku hizi kuna mfumo.”

Nikasimama mlangoni, mikono nimeitandaza. Wakapitisha madirishani.

Mpaka jioni sebule ilikuwa imejaa vitanda, korido imejaa makabati, na meza ya kulia ya watu wengi, sijui ni ya hoteli gani, imekwama mlangoni, haiingii wala haitoki. Mimi mwenyewe naingilia jikoni. Nikifungua friji lazima nifunge kabati kwanza.

Na majirani! Yule wa mkono wa kulia amekuja na uso umechanua, ananishika mikono miwili, ananiambia, “Shoga, umetuficha! Nani bwana harusi?” Nikamwambia hakuna bwana harusi. Akaangalia vitanda, akaniangalia mimi, akasema, “Wa namna hiyo, basi ana watoto wengi.” Sasa hivi mtaa mzima unajua naolewa na mgane mwenye watoto wa kujaza bweni. Wameanza kuchagua sare.

Sasa sikiliza, maana nimekwisha kuelewa kilichotokea. Sikukueleza utaratibu wangu, nikadhani haukuhusu. Baada ya lile tukio la mjane na godoro, nilimwambia karani: kila oda inayokwenda Makao Makuu, pale panapotakiwa simu ya mteja, andika yangu. Wakitaka kumsumbua mtu wanisumbue mimi. Mteja anaijua sauti yangu, nami naijua shida yake. Na anwani, Breki alikuwa akiambiwa kwa mdomo. Basi ukichukua hiyo kanuni yako, wale wote ni mimi, na ile anwani yako ya mhuri ni nyumba yangu! Bibi harusi wa mtaa wa juu ni mimi. Mwenye nyumba ya wageni ni mimi. Fundi cherehani aliyeagiza meza ya kukatia nguo ni mimi. Yule mjane naye ni mimi.

Nami ndio kwanza nafahamu kwamba ningeugua wiki moja tu, hakuna binadamu mwingine ambaye angejua kitanda cha nani kinakwenda wapi. Hilo nimelifikiria humu ndani, nikiwa sina pa kutembea.

Lori la pili linapiga honi. Naomba uzime hicho kitu.

Shangazi yako

*

Njiani
5 Aprili

Kwa dada wa kompyuta,

Salamu. Mimi mzima, lori zima. Nimemwomba mwenzangu anayerudi huko akuletee karatasi hii.

Kwa mama pamejaa. Mzigo wa lori la pili nimeuweka kibarazani kwa jirani, ambaye amekubali kwa moyo mkunjufu akidhani ni wa harusi. Simu inasema kuna lori la tatu. Naomba maelekezo, nipande juu ya paa au nisubiri?

Jambo lingine. Mkurugenzi alinipigia akauliza huyu mama aliyenunua vitanda vyote ni nani. Nikamwambia ni mkuu wa tawi. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia ni shangazi yako. Akakata simu. Samahani kama hakuwa anajua. Mimi nilijua siku ya kwanza nilipokuona, mna paji la uso moja.

Dereva

*

Ofisi ya Mkurugenzi
7 Aprili

Kwa Mchambuzi wa Takwimu,

Kwa mujibu wa mfumo wako, mteja mkubwa kuliko wote katika historia ya kampuni hii ni mtumishi wetu, mkuu wa tawi lisilouza. Kwa mujibu wa dereva, mteja huyo ni shangazi yako.

Nataka maelezo ya maandishi kabla ya mwisho wa siku ya kesho. Yawe mafupi.

Mkurugenzi

*

Ofisi ya Takwimu
8 Aprili

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nitajitahidi kuwa mfupi, ingawa si desturi yangu.

Mkuu wa tawi ni shangazi yangu, na ndiye aliyenilipia shule. Nilinyamaza kuhusu hilo kwa sababu nilitaka kupimwa kwa kazi yangu. Sasa nimepimwa, na matokeo yako sebuleni kwake.

Kosa ni langu. Nilitunga kanuni kwamba wenye namba moja ya simu ni mtu mmoja, wala sikumuuliza mtu yeyote namba hizo huandikwaje. Kama ningetazama orodha kwa macho kabla ya kuipaka rangi, ningeiona namba ya shangazi yangu, ninayoijua kwa moyo, mbele ya kila mteja wa upande ule. Namba hiyo iliwekwa na tawi ili wateja wasisumbuliwe na watu wasiowajua. Nalo lilikuwa kosa, ila la mtu anayejali.

Hata hivyo, Mheshimiwa, naomba uyatazame hayo mambo kwa upande mwingine. Oda za tawi huja kwa karatasi na kuandikwa upya kaunta ya hapa Makao Makuu. Kwa kuwa zimeandikiwa hapa, programu ya Mauzo imekuwa ikizihesabu kuwa ni za hapa. Za tawini zilizobaki ni zile ndogo ambazo mteja hulipa na kuondoka nazo mkononi: stuli. Ndiyo maana kila ripoti uliyosoma ilikuwa na stuli tu.

Jana nililinganisha majina yaliyomo kwenye flashi ya tawi na oda za kaunta yetu, jina kwa jina, bila kanuni na bila chai. Vitanda vilivyouzwa kwa jina la Makao Makuu, zaidi ya nusu vimeuzwa na tawi. Makabati, karibu yote. Tukilifunga, tutafunga upande wa kampuni unaouza, na kubaki na upande unaoandika.

Kwa mara ya kwanza tangu kampuni ianzishwe, mauzo ya tawi yamekusanyika mahali pamoja ambapo mtu anaweza kuyaona. Kwa bahati mbaya mahali hapo pana mlango mwembamba. Lakini naomba, kabla hujaamua lolote juu ya ajira yangu, uende ukayaone. Ajira yangu naiacha mikononi mwako. Ya kwake naiombea.

Kwa heshima na majuto,
Mchambuzi wa Takwimu

*

Ofisi ya Takwimu
9 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mfumo nimeuzima jana, na lori la tatu limerudishwa. Samahani kwa kochi.

Nina jambo ambalo nimelificha tangu Machi, nami nimekatazwa kulisema, lakini leo nimekwisha kuvunja mengi kiasi kwamba moja zaidi halitaonekana. Mkurugenzi alikuwa anangoja ripoti yangu ili alifunge tawi lako. Ndiyo sababu ya haraka yangu. Ndiyo sababu nilikuuliza habari za stuli. Nilikuandikia habari za kabati na viatu huku nikijua, na kila nilipofunga bahasha nilijiona mwongo.

Anakuja huko kesho. Mwoneshe chumba cha nyuma. Mwoneshe na sebule. Tafadhali usimwambie kwamba ana kawaida ya kusema “hm”.

Mwanao

*

Ofisi ya Mkurugenzi
16 Aprili

Kwa Mchambuzi wa Takwimu,

Nilikwenda. Niliingilia jikoni.

Nilipokewa na majirani walionidhania bwana harusi, nikapewa kiti cha mbele. Upotoshaji huo ulichukua muda kuurekebisha, na mkuu wa tawi hakunisaidia. Badala yake alipokea simu za wateja mbele yangu, moja baada ya nyingine, na kila mmoja alimjua kwa sauti kabla hajajitaja. Nilihesabu vitanda mwenyewe. Nilipochoka kuhesabu niliketi juu ya kimoja.

Maamuzi yangu ni kama ifuatavyo. Tawi halifungwi. Mfumo mmoja unabaki, kwa sababu bila huo ningelifunga. Lakini kila mteja atasajiliwa upya kwa namba yake halisi na kwa ridhaa yake, na simu za wateja wa tawi zitapigwa na tawi lenyewe. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kukaa huko.

Umethibitishwa kazini. Kituo chako cha kazi, kuanzia Mei, ni tawini. Nyumba ya kampuni huko hakuna. Tafuta pa kuishi.

Siku nyingine uniandikie maelezo yenye urefu ule ule wa Aprili 8. Yalitosha.

Mkurugenzi

*

Tawini
20 Aprili

Mwanangu,

Nilijua.

Nilijua tangu barua ile yenye kabati na watu watatu. Breki alimsikia Mkurugenzi akisema na mhasibu, akaja nayo hapa kabla hata hajazima injini. Ndiyo maana nilikuandikia uandike kama kilivyo na ulale usingizi. Niliogopa ukijua kwamba najua, utaupindisha mkono kwa ajili yangu, halafu wakukamate, tukose wote wawili. Basi wewe ukaficha kwa ajili yangu, mimi nikaficha kwa ajili yako, na Breki katikati yetu anabeba barua, huku akiyajua yote. Masikini, sijui aliwezaje.

Vitanda vimetoka. Mimi na karani tumempigia kila mteja, tumemwomba namba yake na ruhusa ya kuiandika. Yule mjane alifikiria kidogo, akasema andikeni, lakini akipigiwa, apigiwe na mimi. Nimemwambia atapigiwa na binti wa kaka yangu, aliyesoma. Akauliza kama una maneno mengi. Nikasema tunalishughulikia.

Meza ya watu wengi imetoka kwa kung'olewa mlango. Mlango bado umeegemezwa ukutani. Majirani wamenuna kwa sababu harusi haipo na sare zilikwisha kukatwa, nikawaambia wazivae tu utakapokuja. Wamekubali, kwa hiyo usishtuke.

Simu yangu sasa inanyamaza mpaka naitikisa kuona kama ni nzima. Jana ilikaa kimya mchana kutwa, nikampigia karani aliye chumba cha pili, tukasalimiana.

Kuhusu pa kuishi, hilo nimelimaliza asubuhi hii. Nimemwambia karani afungue mfumo wako, nami nikaandika oda kwa kidole changu mwenyewe, herufi moja moja. Kitanda kimoja cha mtu mmoja, cha mbao ngumu, chenye droo pembeni ya kuwekea vitabu. Mnunuzi ni mimi. Namba ya simu ni yangu. Anwani ni kwangu.

Usisahihishe.

Shangazi yako